Albamu Iliyonyooshwa

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa miaka sita nilikuwa pia mpiga gitaa, mtunzi, mwimbaji, msemaji na, kwa kujiteua mwenyewe, mwanafalsafa wa bendi moja ya metali jijini Mbeya. Bendi hiyo ilikuwa na watu watatu. Vyeo vyote nilivyovitaja vilikuwa vyangu. Wale wawili waliobaki walikuwa wanapiga muziki.

Jina la bendi silitaji kwa sababu lilikuwa la Kilatini na hakuna kati yetu aliyejua Kilatini. Jina la albamu yetu ya kwanza, ambayo pia ndiyo ya mwisho, lilikuwa na maneno tisa na nukta mkato katikati, nalo naomba mniruhusu nilifiche. Itoshe kusema kwamba ilikuwa na nyimbo sita zilizosimulia kisa kimoja: tenga la nyanya linapakiwa Ruaha Mbuyuni, lori linaharibika likipanda mlima Kitonga, siku tatu zinapita, na nyanya zinaanza kuoza moja baada ya nyingine huku kila moja ikijiuliza maana ya kuwa nyanya. Wimbo wa nne, wenye dakika kumi na nne, uliimbwa na nyanya ya chini kabisa, ile inayobeba uzito wa zote. Nilipokuwa nautunga nilitokwa na machozi. Mke wangu alipita, akanitazama, akaniuliza kama nimekata vitunguu.

Kwa asiyeujua muziki wenyewe nitaeleza kwa ufupi, ingawa siku zile ufupi ulikuwa adui yangu. Metali ni magitaa yanayokwaruza, dramu nzito na mtu anayenguruma. Metali ya progresivu ni hiyohiyo, lakini imesoma. Nyimbo nyingi tunazozijua huhesabiwa nne nne: moja, mbili, tatu, nne, mguu unarudi palepale na kila mtu anafurahi. Sisi tulihesabu saba. Msikilizaji anasubiri pigo la nane, halipo, na kabla hajajua kilichompata wimbo umeshaanza upya. Hesabu hizo nilikuwa nikiwachorea wenzangu kwenye ubao mdogo niliouazima shuleni, kwa chaki za rangi mbili. "Saba haigawanyiki," niliwaambia, kwa sauti ya mtu aliyeigundua saba yeye mwenyewe.

Mpiga besi wetu, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu yake alitoka Kilwa akafungua duka Mbeya na hakurudi tena pwani, alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa adabu. Nikimaliza alisema, "Sawa, mwalimu. Tupige sasa?"

Mpiga dramu hakuutazama ubao hata siku moja. Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa na kuvuna mpunga, mtu wa Iringa, kijiji cha jirani na Tosamaganga, na saba alikuwa amezaliwa nazo. Mimi nilizikuta kwenye hedifoni nikiwa chuoni, nikazipenda kama mtu anavyopenda nguo za dukani. Yeye zilikuwa ngozi yake. Akisubiri chai alikuwa anagonga meza kwa vidole, na ukihesabu zilikuwa saba, au tano na saba, au kitu ambacho sikuwa na chaki ya kukichora.

Na yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kweli ya kutaka albamu. Mimi nilitaka kusifiwa na watu wa ng'ambo ambao sikuwajua. Yeye alitaka kusikilizwa na mtu mmoja, baba yake.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wa kwaya wa kigango chao kwa muda mrefu kuliko umri wetu sisi sote. Kijana alipofika miaka kumi na sita alikabidhiwa ngoma za kwaya. Sikukuu moja, wakati wa maandamano ya vipaji, mabinti wakicheza kuelekea altareni na vikapu vya mahindi, na mama mmoja mbele yao amebeba jogoo, akaongeza pigo moja. Aliniapia kwamba hakukosea. Alikuwa amelisikia kichwani wiki nzima na akaona mahali pake ni pale. Mabinti wakakanyagana. Mama akajikwaa, jogoo akaponyoka akaenda kutua juu ya kinanda. Mzee, bila kuacha kuongoza kwa mkono wa kulia, alinyoosha wa kushoto, akachukua vijiti mikononi mwa mwanawe mbele ya waumini wote, akampa mwingine. Nyumbani alimwambia neno moja tu: "Unakosea, halafu hujui kwamba unakosea."

Hawakugombana. Waliendelea kula meza moja na kulima shamba moja, na kijana alipokuja Mbeya kujifunza ufundi alipewa baraka zote. Ila habari za ngoma hazikutajwa tena, na kwa miaka kumi na tano mzee hakumsikia akipiga.

"Nataka asikie mara moja tu," aliniambia siku tuliyoamua kurekodi. "Kosa likirudi palepale mara mia mbili, si kosa tena. Yule ni mwalimu wa kwaya, bwana. Atalisikia hilo hata kama muziki wenyewe utamkera."

Nilimwambia aniachie mimi. Nakumbuka nilimshika bega.

Studio tuliyoipata ilikuwa Iringa mjini, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na pazia la kitenge mlangoni. Prodyuza alikuwa mtu mpole kupita kiasi, aliyekuwa amerekodi kwaya maisha yake yote: kwaya za vigango, za sharika, za akina mama, za vijana. Metali hakuwahi kuisikia. Nilipoanza kunguruma kwenye maikrofoni alivua hedifoni, akainuka, akatoka nje, akarudi na glasi ya maji ya uvuguvugu yenye asali. Aliniwekea mkononi. Kesho yake alileta na tangawizi.

Kabla ya kuanza nilimpa karatasi niliyoiandaa, yenye jedwali la hesabu za nyimbo zote sita. Ilikuwa na safu, mishale na tanbihi, maana nilitaka aelewe kwamba anashughulika na watu wenye mpango. Aliitazama kwa heshima, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Laiti ningemwambia kwa mdomo kwamba nyimbo zetu zinahesabiwa saba makusudi, usiziguse, yasingetokea yaliyotokea. Lakini hilo ni la mtu wa kawaida, nami nilikuwa na tanbihi.

Mpiga dramu alirekodi kwanza, siku mbili, amefumba macho. Sijapata kuona mtu akifanya kazi vizuri namna ile. Mpiga besi alikaa kwenye stuli na ushungi wake, ameinamisha kichwa, na mara moja nilimwona akitabasamu, jambo ambalo nyimbo zangu hazikuwa zimewahi kumfanyia. Prodyuza naye alikuwa akitazama mistari kwenye kompyuta na kutikisa kichwa taratibu. Nilidhani ni mshangao. Baadaye nilielewa kwamba ilikuwa huruma.

Tulipomaliza, kila mtu akarudi kwenye maisha yake. Mpiga dramu alikwenda Madibira, kwenye mashamba ya mpunga, maana ulikuwa msimu wa mavuno na mashine za kuvunia huharibika kwa zamu, na huko simu yake ilikuwa inapatikana akipanda juu ya mashine. Alipanda siku moja kunipigia.

"Ikitoka, sikiliza wewe," alisema. "Huku siwezi kupokea mafaili yote hayo. Hakikisha zile saba zipo. Ukisema ipo sawa, ipo sawa."

Ikatoka. Prodyuza aliituma kwenye simu yangu, na mimi nikaisikiliza kwenye chumba cha walimu, hedifoni masikioni, daftari mbele yangu kama mtu anayesahihisha mitihani. Niliisikiliza mara nne. Nilitikisa kichwa na mguu. Kwenye daftari niliandika: "Safi sana. Inatiririka." Ilikuwa imetulia kuliko nilivyokumbuka, inaingia mwilini kwa urahisi, na kwa hilo nilijipongeza mwenyewe. Nilidhani ndivyo utunzi mkubwa unavyokuwa: mgumu ukiutunga, mwepesi ukiusikia. Mwalimu wa kemia aliomba asikie kidogo. Akaanza kutikisa mabega, akasema, "Hii nayo inachezeka." Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kusema muziki wetu unachezeka, na badala ya kushtuka nilifurahi.

Mpiga besi aliniomba nimtumie, nikamwambia asubiri, asijiharibie uhondo, aisikie kwa spika kubwa siku ya uzinduzi. Nilimwandikia prodyuza: "Ipo sawa. Endelea." Nilimwandikia mpiga dramu: "Zote zipo." Ujumbe ulimfikia siku mbili baadaye, naye akajibu kwa neno moja, "Asante."

Uzinduzi sikuupanga mimi. Prodyuza alisema hajawahi kuona albamu ikitoka bila uzinduzi, na mzee, aliposikia kwamba mwanawe ana albamu, alijua la kufanya kuliko sisi. Kwaya yake ilikuwa na albamu mbili. Alitafuta ukumbi wa kigango, akaalika kwaya tatu, akatafuta mgeni rasmi. Aliuliza jambo moja tu kwa simu: "Maneno yake hayana ubaya?"

"Hayana, baba," mwanawe alimjibu. "Ni nyanya."

Basi Jumapili moja baada ya misa tulikuwa kwenye ukumbi ule, na mimi nimevaa fulana nyeusi yenye fuvu, ambayo mama mmoja wa kamati ya mapokezi alinifunika kwa skafu ya maua ya karatasi. Sidi yetu iliingizwa kwenye sinia, imefunikwa wavu na kufungwa utepe, imebebwa na watoto wawili waliokuwa wakicheza, huku kwaya ikiimba na akina mama wakipiga vigelegele. Mgeni rasmi, bwana shamba mstaafu, alikata utepe, akainua sidi juu, akatupongeza. Alikuwa amepewa muhtasari wa maneno. Alisema amefurahishwa mno na vijana walioamua kuielimisha jamii juu ya upotevu wa mazao baada ya mavuno, na akawaomba wakulima wa nyanya waizingatie hasa hoja ya tenga kujazwa kupita kiasi. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja aliandika.

Mpiga dramu alifika asubuhi hiyo kutoka Madibira, bila kupata hata muda wa kulala, mikono ina grisi ambayo sabuni ilikuwa imeishindwa. Sidi hakuwa ameisikia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kila baada ya dakika alikuwa akitazama mstari wa mbele, ambako mzee alikaa ameweka kofia gotini. Nilimwona akiwa na hofu ambayo sikuwa nimeiona kwake. Nikamwambia, "Tulia, ndugu yangu, utaona."

Sasa, kwenye uzinduzi wa kwaya huku kwetu wapigaji hawapigi kweli. Sidi inawekwa, spika zinafunguliwa, waimbaji wanafumbua midomo na wapigaji wanagusagusa vyombo. Kila mtu anajua na hakuna anayeona ubaya, kwa kuwa kinachozinduliwa ni sidi. Gitaa langu halikuunganishwa popote. Besi vilevile. Lakini dramu huwezi kuizima. Ukiipiga inasikika.

Tulichagua wimbo wa nne, ule wa nyanya ya chini. Prodyuza akabonyeza. Mpiga dramu akaingia kwa nguvu zake zote na kwa miaka kumi na tano yake yote, akapiga saba.

Spika zikapiga nane.

Kufika mzunguko wa pili alikuwa amezitangulia, wa tatu zaidi. Ilisikika kama sufuria zimeanguka jikoni. Watu waligeuza shingo. Mzee aliinamisha kichwa akaitazama kofia yake, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akilitegemea jambo hilo tangu alipoondoka nyumbani.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jukwaa nikitikisa nywele ambazo sina, napiga nane kwa furaha, niko pamoja na spika bila tatizo lolote. Niliposikia mparaganyiko nyuma yangu niligeuka nikamkazia macho. Mimi, mtunzi wa saba, mwenye ubao na chaki mbili, nilimkazia macho kwa sababu nilidhani amekosea.

Mpiga besi alikuwa ameshaacha. Alisimama, kiganja juu ya nyuzi, akisikiliza spika, kisha akaingia upya, polepole, nne nne.

Mpiga dramu aliinua vijiti juu akavishika hapo. Alinitazama. Alizitazama spika. Alimtazama baba yake. Halafu akavishusha, na vikaangukia palepale spika zilipokuwa, na tangu hapo hakutoka nje ya mstari. Dakika kumi na tatu zilizobaki alizipiga zimenyooka kama ukingo wa meza, uso mkavu, hafumbi macho. Watu walianza kupiga makofi kwa kufuatisha. Kwenye sehemu ambayo nyanya inakata roho, kwaya ya akina mama iliinuka ikacheza.

Wimbo ulipokwisha mzee alipanda jukwaani. Alitoa leso mfukoni, akaikunjua, akamfuta mwanawe jasho la paji la uso, na la shingo, mbele ya watu wote, kama mtoto. Kisha akaomba maikrofoni.

"Huyu nilimnyang'anya ngoma mimi mwenyewe," alisema. "Wengine wenu mlikuwepo. Mwanzo hapa mmesikia, nikasema yaleyale. Lakini amejirekebisha mwenyewe, mbele ya macho yangu. Kwenye sidi hajakosea hata mara moja. Hata mara moja, jamani."

Alilia. Watu walishangilia. Mpiga dramu alisema, "Asante, baba."

Tulikutana nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha tangi la maji. Prodyuza alitukuta hapo, ana soda mkononi, anang'aa. Alimwambia mpiga dramu kwa sauti ya chini, kama daktari anayetunza siri ya mgonjwa, "Usiwe na wasiwasi, kaka. Biti ilikuwa inapungua kila mahali, wimbo mzima. Nimewaongezea pote. Sikumwambia mtu. Hata makwaya huwa nawafanyia hivyo, na wao siwaambii. Kumsitiri mwenzio si jambo la kutangaza."

Alikuwa amekaa wiki tatu akikata na kuunga, pigo kwa pigo, nyimbo sita, kwa hiari yake, ili tusiaibike. Ilikuwa kazi ya upendo. Mpiga besi alimuuliza kama rekodi ya kwanza bado ipo. Hapana, alisema, alikuwa ameifuta, mashine ilikuwa imejaa na kuna kwaya ilikuwa inasubiri. Akatutakia baraka akarudi ndani.

Mpiga dramu aliniuliza, "Ulisikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kusema mara moja. Ningeweza kusema simu ilikuwa mbovu. Lakini alikuwa ananitazama, nikasema, "Mara nne."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Hizi nyimbo umezitunga wewe," alisema. "Kumbe hujawahi kuzisikia."

Hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuambiwa juu ya muziki wangu, na nimeambiwa mengi. Kwa miaka sita nilikuwa nikihesabu ubaoni, na tulipopiga nilikuwa namtazama yeye. Bega lake la kushoto lilikuwa linapanda kidogo kabla ya kuanza upya, nami nilikuwa nikiingia bega linaposhuka. Mpiga besi alilijua hilo siku nyingi. Siku za baadaye, Mbeya, alinipima dukani kwao, akinigongea kwenye kaunta mara saba mara nane huku nimegeukia ukuta, na nilikuwa nabahatisha kama mwanafunzi wa mstari wa nyuma. "Ukigeuka unapata," alisema. "Ukiwa hunioni hupati." Wateja walikuwa wanatusikiliza.

Lakini pale nyuma ya ukumbi nilitaka kurekebisha. Huo ndio ugonjwa wangu, nikishaharibu napenda kuonekana nikitengeneza. Nikamwambia ngoja, naenda kwa mzee sasa hivi, namweleza kila kitu, namwambia prodyuza alibadilisha, namwambia kosa ni langu, tunamwita, unampigia mwenyewe, saba, hapohapo, atasikia. Nilishaanza kutembea.

Alinishika mkono. "Usimwambie."

"Lakini ndicho ulichokuwa unakitaka."

"Najua nilichokuwa nakitaka." Aliuangalia mlango wa ukumbi. Ndani mzee alikuwa akisikika akicheka na watu. "Aliyempongeza si mimi, mwalimu. Lakini jasho alilofuta ni langu. Sijaguswa na yule mzee tangu nikiwa mtoto. Ukimwambia, leo yote itakuwa kosa, na hilo nalo atasema ni langu. Muache hivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye aondoke au mimi niondoke. Kwani wewe ni vigumu kunyamaza?"

Ndiyo, ilikuwa vigumu. Anayenijua anajua. Mpiga besi aliniambia, "Hii moja utaiweza." Sikujua kama ananitia moyo au ananiamuru.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti ya milingoti, tulikwenda kula nyumbani kwa mzee. Tulikaribishwa kwa kamwene nyingi, salamu ya Kihehe, majirani waliingia na kutoka kumpa mzee pongezi, naye alikuwa anazipokea amesimama. Sidi ilikuwa imewekwa kabatini, kwenye rafu ya vikombe vya wageni, imeegemezwa ili ionekane. Mama wa nyumba aliniuliza kama kooni kumepona, maana alinisikia kwenye sidi nikiumwa.

Ukaletwa ugali na jogoo aliyechinjwa kwa ajili yetu. Tulinawa. Mzee aliomba baraka, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe aliyepotea kwenye mapigo akarudi, na nilipofumbua macho mpiga dramu alikuwa ameyafumbua kabla yangu. Kisha mzee akavuta bakuli la nyama, akaanza kutafuta kitu kwa kijiko. Nilijua anatafuta nini. Firigisi ya mwenye nyumba haiguswi, hata mwanawe wa kwanza haigusi, na mzee yule alikuwa ameila ya kwake kwenye meza ile tangu alipooa.

Aliipata. Akaiinua, mchuzi ukidondoka.

"Mwalimu," alisema. "Sogeza sahani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Sikusogeza. Akaisogeza yeye.

"Mimi nilimshindwa huyu," alisema. "Nilimkemea, nikamnyang'anya, nikamnyamazia, na mimi ni mwalimu wa hayohayo. Nimeuliza pale ukumbini ni nani aliyekuwa anasimamia hii kazi mpaka ikatoka hivi, wameniambia ni wewe. Wameniambia ndiwe uliyesikiliza mpaka mwisho ukasema sasa ipo sawa." Akaiweka firigisi juu ya ugali wangu. "Wewe umemnyoosha. Asante, mwanangu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada, na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: saba, nane, tangi la maji, mara nne. Ilibaki kufungua tu. Nikamtazama rafiki yangu ng'ambo ya meza. Mikono yake ilikuwa imetulia kando ya sahani, haigongi chochote.

"Kula, mwalimu," alisema. "Baba amekupa."

Nikaila. Mzee alikuwa ananitazama nikitafuna, anatabasamu, akaniuliza kama imeiva vizuri.

"Imeiva, baba," nikamwambia. "Ni laini sana."